Kile Kibao Nilikichonga Mimi

Kwako mwanangu Chebet,

Pokea salamu zangu nyingi za upendo katika Bwana anayetulinda sote. U hali gani, mama? Nauliza ingawa dakika hii nakusikia jikoni ukicheka na mama yako juu ya ule mkoba unaokataa kufungika. Utakaposoma karatasi hizi utakuwa umeshafika chuoni, na mimi sitakuwa na njia ya kukusikia ukicheka wala ukikohoa. Kwa hivyo salamu hizi ni za siku hiyo. Kifua kikoje na baridi ya huko? Chakula kinashuka? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, na natumaini siku utakayosoma bado tutakuwa hivyo.

Mambo ya blanketi, ya kutoonyesha watu pochi yako ukifika Nakuru, ya kukaa upande wa dirisha mkishapita Kedowa na Londiani ili usitapike, mama yako amekwambia mara tatu na kesho asubuhi atakwambia ya nne. Mimi sitayagusa. Nimejifungia hapa katika banda langu la useremala, naandika juu ya meza ya kurandia, na mvua ya saa kumi imeanza kupiga mabati. Nina jambo moja tu. Limenikaa rohoni miaka kumi, na Jumapili iliyopita ndiyo imenilazimisha.

Jumapili, baada ya ibada, ulisimama kando ya ua na binamu yako Chepng'eno. Hamkuniona. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji nanawa mikono.

"Kwa hivyo sasa tutakuita mwalimu?" Chepng'eno alikuuliza.

"Mtaniita Madam."

"Madam wa mbuzi!"

Mkacheka mpaka mama mchungaji akageuka. Kisha Chepng'eno akakuuliza kama utachapa watoto, nawe ukasema, "Kuchapa, kidogo tu. Lakini diski ni lazima. Darasa langu, mtoto akitoa Kipsigis mdomoni, anavaa diski mpaka jioni. Mimi si nilivaa? Na si ndiyo ilinifundisha? Bila ile diski ningekuwa hapa nachuma chai na wewe."

"Aa, asante sana. Kumbe mimi nimelaaniwa."

"Si hivyo, Chepng'eno, wacha. Unajua vile namaanisha."

Niliondoka pale na sabuni mikononi. Mama yako aliniuliza njiani mbona shati limelowa, nikamwambia ni bomba. Chebet, huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho juu ya jambo hili. Sasa nakwambia ukweli, nao ni huu: ile diski uliyovaa shuleni, kile kibao cha mviringo chenye kamba ya katani na maandishi yaliyochomwa, nilikichonga mimi. Kwa mikono hii. Juu ya meza hii ninayoandikia.

Wacha nirudi nyuma kidogo ili unielewe, ingawa sitaki unielewe upesi sana.

Sisi wakati wetu hatukuwa na kibao. Tulikuwa na mfupa wa taya la ng'ombe, umefungwa uzi. Anayesikika akisema lugha ya nyumbani anavalishwa, naye anazunguka akitega sikio mpaka amsikie mwingine amkabidhi. Jioni yule wa mwisho kubaki na mfupa anaitwa mbele. Wiki yangu ya kwanza shuleni niliuvaa siku nne. Siku ya tano nikagundua dawa. Nilifunga mdomo. Nikaweka akibani maneno machache ya Kiswahili ambayo hayangeweza kuniumiza, ndiyo mwalimu, hapana mwalimu, naomba ruhusa, na nikaishi kwa hayo mpaka darasa la saba. Walimu walisema mimi ni mtoto mwenye adabu. Mimi mwenyewe nikaamini kwamba hiyo ndiyo elimu. Nilipotoka nikaenda kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, nyapara akisema jambo nasema ndiyo. Hata nikiwa sijaelewa. Nikaoa, nikajifunza useremala, nikapanda michai yangu hapa, nikawa mzee wa kanisa, na akiba yangu ya maneno haikuongezeka sana.

Ulipokuwa darasa la tatu mwalimu mkuu aliniita. Yule wa kwanza, aliyestaafu. Akaniambia, "Fundi, tuna shida. Watoto wanapiga Kipsigis uwanjani kama wako malishoni. Ule mkebe tuliokuwa tunawavisha umepasuka. Tutengenezee kitu cha maana. Kiwe kizito kidogo, mtu akivaa ajue amevaa."

Nikamjibu, "Nitakitengeneza, mwalimu, na iwe sadaka yangu kwa shule."

Sadaka! Nilitumia neno hilo. Nilichagua saiprasi iliyokauka vizuri isiyo na fundo. Nikaizungushia bikari, nikaikata, nikairanda, nikaisugua msasa mpaka ikawa laini kama sahani. Nikatoboa tundu la kamba. Kisha nikachoma msumari motoni na kuandika herufi moja moja, NIMEKOSA, nikapaka vanishi mara mbili. Mwanangu, nimetengeneza vitanda na majeneza, lakini sidhani kuna kitu nilichokitengeneza kwa furaha kama kile. Nilijiona mtu muhimu. Nilijiambia, mimi nilishindwa na mfupa, lakini watoto wa hapa watapita, na mkono wangu utakuwamo.

Sikukuambia kwamba ni kazi yangu. Nilidhani haifai mtoto kujua.

Baada ya siku chache ulirudi nyumbani na alama nyekundu shingoni, pale kamba ilipokaa. Ulisimama hapo mlangoni ukasema, "Baba, diski ni nzito."

Unakumbuka nilivyokujibu? Mimi nakumbuka. Nilisema, "Basi usiongee."

Na ungedhani ningeishia hapo. Nikachukua kipande cha ubao kilichobaki, nikatengeneza kingine kidogo cha nyumbani. Hicho unakikumbuka, kile kilichoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikatangaza kwamba ndani ya nyumba hii ni Kiswahili, ili usikose mazoezi. Kiswahili cha nyumba hii, mwanangu! Mimi na maneno yangu ya naomba ruhusa, mama yako na Kiswahili cha sokoni, na Kogo wako, mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, asiyejua hata kusalimia kwa lugha hiyo. Tulikula chakula kimya kama watu wa matanga. Mimi nikaita utulivu.

Kogo ndiye peke yake aliyethubutu kunicheka. Siku ile alipoingia na mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, akakuita kwa Kipsigis uje unywe, nawe kwa utiifu ukatoa kibao msumarini ukamvika shingoni, maana sheria ni sheria, je, unakumbuka? Hakukivua. Akaenda nacho mpaka mkutano wa akina mama kanisani. Wakamuuliza, "Mama, hicho ni nini?" Akawaambia, "Ni mkufu. Mwanangu ni fundi, hamjui? Anapamba wazee." Walicheka wiki nzima. Niliona haya mpaka nikakosa ibada ya Jumatano, lakini haya ile haikunifundisha kitu. Kilichonifundisha ni kingine.

Ulikuwa darasa la nne, mvua ndefu zimeanza na majani yanachipuka kuliko tunavyoweza kuyachuma. Mama yako alikuwa amekwenda kwao, upande wa Bomet, kumuuguza dada yake. Tulikuwa watatu hapa nyumbani. Jumatatu ulirudi kutoka shuleni ukakataa chakula.

Nikakuuliza, "Una nini?"

"Niko mgonjwa."

"Wapi?"

"Tumbo."

"Tumbo linafanya nini?"

Ukaanza kunieleza kwa Kipsigis. Ulisema maneno matatu hivi. Nami nikanyoosha kidole nikaonyesha nyuma ya mlango, nikasema, "Kwa Kiswahili."

Ukafunga mdomo. Nilikuona ukitafuta. Macho yako yalikwenda juu, yakaja chini, na hukupata kitu. Ukasema, "Tumbo tu, Baba."

Nikakupa chai ya tangawizi, nikakuombea, nikakwambia ulale. Jumanne sikukuruhusu kukosa shule, kwa sababu uliposimama ulisema ndiyo nilipouliza kama unaweza kutembea. Ndiyo, Baba. Lilikuwa neno langu hilo. Nilikurithisha. Jioni nikakuta umelala umejikunja, nikauliza tena, ukasema tumbo tu. Nikaenda kupeleka majani kwenye kituo.

Jumatano saa sita mchana nilirudi kuchukua gunia nikakuta kitanda kitupu. Kogo alikuwa amekubeba mgongoni, mzee yule, akakupeleka katika nyumba yake ndogo kule nyuma, ambako sheria yangu haikufika. Alitoka akasimama mlangoni. Sijawahi kuona uso wake vile.

Akaniambia kwa Kipsigis, nami nakuandikia vile alivyosema: "Mtoto huyu amenieleza kila kitu. Ilianza kitovuni kama njaa. Ikatoka hapo ikashuka kulia, ikakaa. Akikanyaga mguu wa kulia inachoma kama mwiba wa moto, akikunja goti inapungua. Jana ametapika njiani akafunika na majani ili usimwone. Siku mbili! Na wewe ulikuwa unasikia nini?"

Nilikubeba mpaka kituo cha kununulia majani, ambako lori la kiwanda lilikuwa linapakia. Dereva hakuuliza maswali. Tulikulaza juu ya majani mabichi, Kogo akashika kichwa na mimi miguu, na mvua ikatunyeshea njia nzima.

Hospitalini Kericho daktari alituuliza kwa Kiswahili shida ni nini. Mimi ndimi mwanamume niliyesoma. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Tumbo."

"Tumbo linaumaje?"

Chebet, nilisimama pale nikatafuta juu na chini, vilevile ulivyotafuta wewe, na sikupata. Kogo alikuwa ananivuta mkono wa koti, "Mwambie! Mwambie vile alivyosema mtoto!" Nami nilikuwa najua kila kitu kwa lugha moja na sijui kitu kwa nyingine. Kulikuwa na muuguzi, mama mmoja kutoka Mkoa wa Kati, asiyejua Kipsigis lakini aliyezoea watu wa kwetu, akaja akaniambia, "Polepole, mzee. Lilianza wapi? Nionyeshe kwa mwili wako. Halafu likaenda wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole, nikachechemea pale mbele ya watu wote, nikakunja goti. Yeye akawa ananipa neno kwa kila kitu nilichoonyesha: kitovu, limehama, linachoma, linapoa. Daktari akasikia, akakubonyeza mara moja tu, akaagiza wakutayarishe. Kilikuwa kidole tumbo. Baadaye aliniambia, "Mngengoja mpaka kesho, tungekuwa tunaongea mambo mengine." Sikuuliza mambo gani.

Lile kovu ulilo nalo unaambiwa siku zote kwamba ugonjwa ulikuja ghafla na Mungu akakuokoa. Kwamba Mungu alikuokoa ni kweli, nami namshukuru kila siku. Lakini ugonjwa haukuja ghafla. Ulikuja Jumatatu. Ulinieleza Jumatatu na mimi nikakuonyesha kibao.

Kogo hakukuambia kamwe. Alisema nami mara moja tu, tukisubiri nje ya chumba cha upasuaji. Alisema, "Hili nitakufa nalo. Lakini wewe usife nalo." Yeye amekwenda mwaka juzi, amelitimiza lake. Nimebaki na langu.

Sasa rudi kwa yale uliyomwambia Chepng'eno, kwamba diski ndiyo iliyokufundisha. Nimefikiri sana kama nikuache uamini hivyo, maana hata mimi ingenipa nafuu. Lakini nilikuwepo, Chebet. Niliona maneno yalivyokujia, na hayakutoka kwenye kamba.

Tulipokutoa hospitali ulikaa nyumbani wiki sita. Kile kibao cha nyumbani nilikipasua nikakiweka motoni chini ya uji wako. Wiki hizo nilikuwa nimejiandikisha ngumbaru, masomo ya watu wazima, kule kanisani, kwa sababu ile aibu ya mbele ya daktari haikuniacha nilale. Mwalimu wetu alikuwa msichana mdogo kuliko wewe sasa. Sisi wazee na akina mama wachuma chai tulimwogopa siku ya kwanza kama tunavyomwogopa daktari. Yeye akatuambia kila mtu alete kitu kimoja kutoka kazini kwake, akiweke mezani, na akieleze kwa lugha yoyote aliyo nayo mpaka akimalize. Hakuna aliyekatazwa. Mzee mmoja alileta kengele ya ng'ombe akaongea nusu saa, tukacheka mpaka machozi. Ndipo mwalimu akaanza kutupa Kiswahili chake, kipande kwa kipande, na kila kipande kikapata mahali pa kukaa kwa sababu kitu chenyewe tulikuwa tayari tumekishika.

Nami nikawa narudi nyumbani na maneno, na wewe ukawa unaniwinda mlangoni. "Baba, leo umeleta nini?" Umesahau? Nilikuletea ukungu na umande ukanirudishia kwamba havifanani, mmoja unatembea na mwingine umelala. Nilikuletea manyunyu na rasharasha, tukabishana mvua ya siku hiyo ni ipi kati ya hizo mbili, na Kogo, ambaye hajui hata moja, akawa ndiye mwamuzi. Wewe unamweleza kwa Kipsigis, yeye anatoka nje kunyoosha kiganja, anarudi anakwambia kitu kirefu kuhusu mvua inayokuja ikiwa imechoka, na wewe unaniangalia na kuniuliza, "Baba, hiyo kwa Kiswahili ni nini?" Mara nyingi sikujua. Nikajifunza kusema sijui. Ni neno zuri sana kwa mzazi, nililipata nikiwa nimezeeka.

Halafu kuna siku ile ya mvua ya mawe. Ilipiga michai yetu mpaka harufu ya majani mabichi ikaingia ndani. Baada ya mvua ulitoka, ukatembea ukijishika ubavu, ukainama kwenye mstari wa kwanza. Ukarudi ukasema, "Baba, majani yote yamechubuka."

Nikaweka randa chini. Nilikuwa nimesikia mtu anachubuka goti akianguka. Sijawahi kusikia jani. Nikakuuliza, "Nani alikwambia jani linachubuka?"

Ukasema, "Hakuna. Nimeliona."

Ndiyo siku hiyo, mwanangu. Ukitaka kujua ni lini ulianza kupenda maneno, mimi shahidi, ni siku hiyo. Ulikwenda ukamweleza Kogo, ukarudi, ukaenda tena kuangalia michai, ukatafuta ni nini kingine kimechubuka. Mlango. Ndizi. Sauti ya mchungaji akiwa na mafua. Ulicheka mpaka nikaogopa nyuzi zitakatika.

Uliporudi shuleni uliandika insha kuhusu mvua ile, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Na wiki hiyohiyo ukavaa diski tena uwanjani. Nadhani hapo ndipo ulipounganisha vitu viwili visivyo ndugu. Ulivaa kibao na ulijua maneno, kwa hivyo kibao ndicho kilichokuletea maneno. Hata mimi ningehesabu hivyo kama ningekuwa mtoto.

Sasa utaniuliza, kama ulikiona hivyo, Baba, mbona kibao kiliendelea kuning'inia kule shuleni? Hili ndilo swali ninaloliogopa. Nilikwenda. Kabla hujarudi darasani nilikwenda mpaka ofisi ya mwalimu mkuu nikiwa na maneno yangu nimeyapanga. Akanipokea vizuri, akaniita fundi wetu, akawaambia walimu wengine kwamba kile kibao hakijapata hata ufa. Wakanipa chai. Nikainywa. Nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikutana na watoto njiani wamekivaa, watoto wa majirani, watoto ninaowabariki kanisani, na ninageuza uso. Saiprasi nzuri ikipakwa vanishi mara mbili haiozi upesi. Mwaka jana, tisini na tano, nilimkuta mtoto wa darasa la pili amekaa kwenye ukingo wa barabara amekishika kwa mikono miwili ili kamba isimkate. Nikamsalimia kwa Kipsigis. Akaniangalia kwa hofu, hakujibu.

Sisemi watoto wasifundishwe Kiswahili, wala hicho Kiingereza chenu. Nisikilize vizuri hapo. Mbele ya daktari ni Kiswahili nilichokikosa, na ningekuwa nacho kingi ningekitoa chote sakafuni. Wafundishe. Wafundishe sana, kuliko sisi tulivyofundishwa. Lakini mtoto aliyenyamaza mbele yako usidhani ni mtupu. Mimi nilinyamaza miaka saba nikiwa nimejaa. Wewe ulinyamaza siku mbili na ndani yako mlikuwa na ugonjwa wote umeelezwa vizuri, kutoka kitovuni mpaka mguuni, unangoja tu mtu wa kuupokea.

Na usiwaache wapende maneno makubwa kwa ajili ya ukubwa wake. Hapo pia mimi nimeanguka. Ngumbaru iliponipa nguvu nikaanza kuomba kanisani kwa maneno mazito niliyoyasikia redioni, adhama na fahari na taadhima, nikiyapanga kama mbao. Siku moja mama mzee mmoja alinishika mkono tukitoka akaniambia, "Mzee, leo umeomba vizuri sana. Sijaelewa hata moja." Mama yako bado ananitania kwa hilo. Lakini nilipofika nyumbani nilijua kwamba nilikuwa nimejificha tena, safari hii nyuma ya kelele.

Sijui kazi yako, Chebet. Huko chuoni watakufundisha mambo ambayo mimi sina hata jina lake. Najua tu kwamba siku moja utasimama mbele ya darasa, labda huku kwetu, na mtu atakukabidhi kibao cha namna hii akisema ndivyo inavyofanywa. Ndiyo sababu nimeandika, ingawa naogopa. Naogopa utanikasirikia. Naogopa zaidi kwamba hutanikasirikia, utasema tu, ndiyo Baba.

Nilitaka kukwambia haya uso kwa uso. Tangu Jumapili nimekuita mara mbili huku bandani, na mara zote mbili nilikuuliza kama sanduku lina kufuli. Kesho nitalibeba sanduku lenyewe mpaka barabarani, na najijua, nitaongea habari ya mvua na bei ya majani mpaka gari lifike. Unisamehe kwa hilo pia.

Jambo la mwisho. Siku hizi shule ina mwalimu mkuu mgeni, sijawahi kunywa chai yake. Jumatano asubuhi nitakwenda kumwomba kile kibao. Nitamwambia ni nani aliyekichonga, na nitamweleza habari ya tumbo lako, kwa Kiswahili, bila kuchechemea. Akikataa kunipa nitarudi Alhamisi. Nimelipeleka mbele za Mungu, lakini unajua mimi nimewahi kulipeleka kwake na bado nikarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hivyo nakuandikia na wewe, ili kuwe na mtu mmoja chini ya mbingu atakayeniuliza.

Uniulize, basi. Andika kwa lugha utakayotaka, hata kama ni kwa hasira, hata kama ni ukurasa nusu. Lakini tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi baba yako.